Setapu ya kurekodi TV nyumbani imekuwa msitu, nataka nipunguze. Nianzie wapi?

mtu_wa_gungu

Wakuu habari za mida hii. Niko Gungu, Kigoma mjini, naombeni mawazo yenu maana hiki kitu kimeanza kuleta ugomvi ndani ya nyumba. Kuna setapu ya kurekodi TV aliyoifunga mdogo wangu kabla hajahamia Dodoma kikazi, akaniachia mimi muuza vifaa vya umeme ambaye kompyuta naijua ya kuandikia risiti tu. Nikimpigia anasema ingia kwenye terminali andika hivi na hivi, tunaishia kubishana mpaka dakika zinaisha.

Ilivyo ni hivi. Kuna desktopu ya zamani Core i5 RAM giga 8 ina Windows, ndani ya Windows kuna VirtualBox (programu ya kuigiza kompyuta ndani ya kompyuta) inaendesha Linux, ndani ya hiyo Linux kuna kontena za Docker (vifurushi vya programu zilizotengwa), moja ina Tvheadend ya kupokea na kurekodi chaneli, moja Jellyfin, moja Plex, hizo mbili ni za kuangalizia video kwa mtandao wa nyumbani (kwa nini zote mbili sijui), na nyingine kazi yake kugeuza rekodi zote kuwa MP4 usiku wa manane. Pembeni kuna Raspberry Pi 4, kile kikompyuta kidogo cha bodi moja, nayo ina Tvheadend yake na tyuna yake, inapeleka chaneli zake kwenye ile Tvheadend ya kwanza. Tyuna za USB za DVB-T2 (za kupokea TV ya antena) jumla tatu, hadidiski za nje mbili, moja imeformatiwa exFAT nyingine NTFS. Sebuleni TV ina kiboksi cha Android chenye Kodi (programu ya kuangalizia TV na video), chumbani kwa mzee ni smati ya kawaida.

Na tunachorekodi wala sio kikubwa. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku TBC1 na ITV, zote mbili maana mzee ni mwalimu mstaafu lazima aangalie zote afu alinganishe, tamthilia za bimkubwa, katuni za watoto, na mpira ukionyeshwa bure. Basi. Ila umeme ukikatika ukirudi lazima viwashwe kwa mpangilio wake, Pi kwanza, afu desktopu, afu uingie na paswedi, afu uwashe ile mashine ya ndani, ukiruka kimoja hakuna kinachorekodi na mimi muda huo niko dukani. Nataka kitu kinachojiwasha chenyewe na mtu yeyote akishika rimoti anaona rekodi. Nibakize nini, nitupe nini?

fundi_antena_tbr

Mkuu salama. Mimi niko Tabora, Isevya, nafunga antena na hivi vitu nimevifunga kwa watu kadhaa. Hiyo setapu haijakosewa kiufundi, dogo anajua, ila aliifunga ya kuchezea yeye na sasa inatumika na familia.

Elewa kwanza jambo moja, mengine yote yatakuwa mepesi. Kurekodi TV ya dijitali sio kazi nzito hata kidogo. Picha inakuja hewani tayari imeshabanwa, tyuna inaipokea, programu inaikopi kwenye diski ilivyo, kwisha. Prosesa hapo inapiga miayo. Kinachokula mashine ni kubadilisha video kutoka umbo moja kwenda jingine, yani hiyo kontena yako ya MP4 ya usiku, na Plex au Jellyfin zikiamua kumbadilishia mtu anayeangalia. Ukiondoa kubadilisha hubaki na sababu ya kuwa na mashine kubwa wala ngazi zote hizo. Sasaivi chaneli inatoka kwenye antena inaingia Pi, inatoka Pi inaingia Windows, inaingia Linux, inaingia kontena, ndo ifike kwenye diski. Umetoka Mwanga unaenda Ujiji kwa kupitia Kasulu.

Mimi ningefanya hivi: mashine moja, Debian (aina ya Linux) moja kwa moja kwenye chuma bila Windows chini yake, Tvheadend moja imewekwa kawaida bila Docker, tyuna zimechomekwa hapohapo. Plex toa, kurekodi kwake kunataka Plex Pass ya kulipia na watu mnarekodi bure tayari. Kodi ya sebuleni inaongea na Tvheadend moja kwa moja kwa ile adioni ya HTSP, njia ya Tvheadend yenyewe ya kurusha chaneli kwenye mtandao, chaneli na rekodi zote zinatokea kwenye menyu ya TV. Hio MP4 achana nayo.

Na tyuna tatu za nini? Chaneli zinazotoka kwenye masafa mamoja zinapokelewa zote kwa mpigo na tyuna moja, Tvheadend inaweza kurekodi hata nne kwa pamoja kama ziko masafa hayohayo. Fungua orodha ya huduma uangalie TBC1 na ITV zimekaa wapi. Zikiwa pamoja tyuna moja inamtosha mzee na ulinganishaji wake, zikiwa tofauti weka mbili. Ya tatu kaa nayo kama spea.

bando_limekata

Hivi nyie watu mna muda. Taarifa ya habari ipo YouTube, vituo vinaweka wenyewe. Tamthilia nunua dekoda yenye sehemu ya USB chomeka flashi bonyeza rekodi. Seva ya nini Kigoma jamani 😂

mtu_wa_gungu

@bando_limekata kaka jina lako lenyewe linajibu, habari mbili kila siku kwa YouTube kwa bando la nani? Dekoda yenye USB tulianza nayo. Inarekodi kitu kimoja, na ile flashi ukiitoa ukaipeleka kwenye TV ya mzee haisomi, mpaka irudi kwenye dekoda ileile.

@fundi_antena_tbr asante sana mkuu, hapo kwenye kukopi tu nimeelewa, maana dogo alikuwa ananiambia tunahitaji kuongeza RAM. Sasa mashine nibakize ipi, desktopu au Pi? Moyo wangu uko kwa Pi maana ni kadogo.

dada_wa_katonga

Kabla hamjafika mbali mngemuuliza mita yake ya Luku iko kundi gani. Mimi nyumbani niko D1, ile ya matumizi madogo, ukivuka uniti 75 kwa mwezi bei ya uniti inapanda sana na ukizidisha mara kwa mara unahamishwa kundi. Desktopu ya zamani hata ikiwa imekaa tu inavuta kama wati 60, ikikaa masaa 24 ni uniti 1.4 na ushee kwa siku, mwezi ni 43. Zaidi ya nusu ya uniti zako za bei nafuu zimeliwa na mashine inayosubiri saa 2 usiku ifike. Weka friji na pasi hapo juu.

Mimi natumia laptopu kuukuu, kioo kimepasuka, niliipata kwa bei ya kutupa. Inavuta kama wati 15, mwezi ni uniti 11 hivi. Na uzuri wake betri ipo ndani, umeme ukikatika yenyewe inaendelea. Kuna setingi ya Linux ya kuiambia isilale ukifunika, iko kwenye faili la logind (/etc/systemd/logind.conf), HandleLidSwitch weka ignore. Afu naiweka kabatini imefunikwa kabisa, haichukui nafasi.

fundi_antena_tbr

Dada umeongea la maana, laptopu ni wazo zuri kuliko desktopu. Nina mawili ya kuongeza ila. Kabatini hapana, joto, acha mlango wazi. Na betri iliyoanza kuvimba usiiache kwenye chaja miezi yote, itoe kabisa. Laptopu nyingine mfano ThinkPad zina setingi ya kuzuia chaji isivuke asilimia 80 au hata 60, iwashe.

La pili ndo watu wengi hawaliwazi. Umeme umekatika, laptopu ipo hai, tyuna ipo hai, sawa. Busta ya antena je? Ile ya juu ya mlingoti inalishwa na kiadapta cha ndani, umeme ukienda nayo imekwenda, signo inadondoka na laptopu yako inarekodi hewa. Kwa hiyo busta nayo ipate chake. Nyingi ni volti 12, kibetri kidogo cha sola au UPS ndogo ya ruta ya volti 12 inaisukuma masaa mengi tu, ila soma kwanza maandishi ya adapta maana zipo za volti 5 pia zipo za 24.

pi_tu_basi

Napinga kidogo. Pi 4 anayo tayari, inakula wati 5 mpaka 7 ukijumlisha tyuna, kwa nini atafute laptopu? Kama mlivyosema kurekodi ni kukopi, Pi inaweza bila jasho. Pawabenki nzuri tu inayochaji huku inatoa inaishikilia. Weka Debian ya Pi, weka Tvheadend, chomeka diski yenye umeme wake, kazi imeisha.

fundi_antena_tbr

@pi_tu_basi mkuu sikatai Pi, nguvu inazo. Shida yake kwa mazingira yetu ni saa. Pi 4 haina saa yenye betri ndani yake. Umeme ukikatika inasahau ni saa ngapi, ikiwaka inategemea intaneti iiambie. Sasa chukulia umeme umerudi saa 1 na nusu usiku na ruta bado inahangaika na mtandao, au bando limeisha kama jina la ndugu yetu pale juu, Pi inaendelea na saa ileile iliyokuwa nayo inazimika, haijui kama jioni imeshafika. Saa 2 inapita, yenyewe bado iko mchana. Kesho yake mzee anauliza habari ziko wapi, na ukikagua hakuna kilichoharibika.

Dawa zipo. Kuna kimoduli cha saa cha DS3231 kinachomekwa kwenye pini, bei yake ndogo. Pi 5 ina sehemu yake ya kuchomeka betri ya saa, betri unanunua mwenyewe. Na Tvheadend ina setingi ya kurekebisha saa ya mashine kutoka kwenye matangazo yenyewe, maana stesheni hurusha saa pamoja na picha, ila inakuja imezimwa na mashine ya Linux lazima iruhusu. Laptopu na desktopu hazina huo usumbufu, kuna kibetri cha CR2032 au ndugu yake kwenye bodi. Kama mashine ni ya zamani kibadilishe tu hata kama hakijafa.

mtu_wa_gungu

Aisee! Hilo la saa linatokea hapa kila mara, tulikuwa tunalaumu tyuna. Yani umeme ukirudi jioni kile cha Pi hakirekodi, ukirudi asubuhi kinarekodi. Dogo aliibadilisha ile tyuna, bado.

Basi laptopu. Dukani ninayo moja imekaa, Dell, kibodi yake imekufa vitufe kadhaa ila inawaka. Maswali mawili: betri yake ikiisha kabisa kwa katiko refu, umeme ukirudi itajiwasha? Na diski zangu je, zitabaki kama zilivyo?

dada_wa_katonga

Dell nyingi kwenye BIOS (setingi za mashine kabla Linux haijawaka) kuna Wake on AC, ukiiwasha chaja ikipata umeme inaamka yenyewe. Angalia ya kwako kabla hujaanza kuweka kitu kingine chochote, ukikuta haina tafuta laptopu nyingine, maana hicho ndicho ulichokuwa unakitaka tangu mwanzo.

Diski, kama hakuna kinachokuzuia, hamisha vitu vyako pembeni uziformati ext4, mfumo wa mafaili wa Linux. exFAT haina ile kumbukumbu ya kujiponya ukikatiwa umeme katikati ya kuandika, siku inakuja unakuta foldra lote limekuwa herufi za ajabu. Mashine ni Linux, TV zinapokea kwa mtandao, hakuna tena anayechomoa diski kupeleka kwenye Windows kwa hiyo hiyo exFAT haikusaidii kitu.

fundi_antena_tbr

Naunga mkono. Na hapohapo ndo uone faida ya kuacha rekodi zibaki TS, umbo lilelile zilivyokuja hewani. Faili la TS umeme ukikata katikati, kile kilichokwisha kuandikwa kinaangalika mpaka pale kilipoishia. MP4 ya kawaida faharasa yake inaandikwa mwishoni, ikikatika kabla haijamaliza faili zima halifunguki. Kwa watu wa umeme wa kubahatisha TS haina mpinzani.

Ukubwa usikutishe. Chaneli ya kawaida ikija na megabiti 3 kwa sekunde, saa moja ni giga 1.35. Hadidiski ya giga 500 inabeba zaidi ya masaa 350. Habari mbili za kila siku unaweza kurundika miezi mingi, na hakuna anayerudia habari za wiki iliyopita, labda mzee. Kwenye profaili ya kurekodi ya Tvheadend kuna muda wa kutunza faili, habari weka wiki moja zijifute, tamthilia tengeneza profaili nyingine isiyojifuta. Kile kipande cha kubadilisha weka pass, yani ikopi tu bila kubadilisha.

Ratiba ya vipindi inayokuja hewani usiiamini sana, chaneli nyingine hawaijazi, nyingine wanajaza ya jana. Kwa kitu cha saa maalum kama taarifa ya habari weka taima ya saa kwa saa, kila siku, anza dakika 2 kabla, maliza dakika 10 baada, maana habari zikiwa na jambo kubwa hazimaliziki kwa wakati. Taimzoni ya mashine iwe Africa/Dar_es_Salaam, na usisahau kule ni masaa 24, saa 2 usiku unaandika 20:00. Nimekuta mtu kaandika 2:00 anarekodi usiku wa manane.

mgebuka_fresh

Samahani nadandia treni kwa mbele. Na mimi nataka hii kwa ajili ya mechi za Mashujaa pale Lake Tanganyika. Nikichomeka tyuna napata Azam?

fundi_antena_tbr

Hapana mkuu. Haki za ligi kuu wanazo Azam, chaneli zao zimefungwa na zinafunguliwa na dekoda yao uliyolipia. Tyuna hata ikiiona chaneli kwenye skani haitoi picha. Hata huku kwenye antena, ukiskani baadhi zitatokea zimefungwa, ndo maana wakati wa kuzipanga Tvheadend inakuuliza kama uchukue na zilizofungwa, mwambie hapana, orodha inabaki safi, bimkubwa hakutani na chaneli nyeusi. Kurekodi kwa kupitia waya wa HDMI nako dekoda huwa zinaweka HDCP, kufuli la kuzuia kunakili, sitaki kuingia huko. Nenda uwanjani, kiingilio kinaisaidia timu.

mgebuka_fresh

Uwanjani naenda, nilitaka kurudia goli nyumbani. Poa.

pi_tu_basi

Nakubali ya saa. Ila Jellyfin msimtoe bila kumsikiliza, simu na tableti za watoto zinaangalia wapi? Kodi kwenye simu ni mateso.

dada_wa_katonga

Jellyfin iwepo ila isirekodi, hapo ndo penye siri. Ikipewa TV laivu na kurekodi juu ya Tvheadend mnakuwa na ratiba mbili zinazogombea tyuna moja. Mimi nimeielekeza kwenye foldra la rekodi kama maktaba ya kawaida ya video, basi, inasoma tu. Ikifa leo kurekodi kunaendelea. Hata usipoiweka mwezi wa kwanza hakuna atakayekufa, VLC ya simu inafungua foldra la mtandaoni vizuri tu.

Kwa TV ya mzee kama ni smati yenye DLNA (uwezo wa kusoma video kwa mtandao wa nyumbani) weka MiniDLNA kwenye laptopu ielekee foldra hilohilo, atakuta folda mbili, TBC na ITV, anabonyeza sawa. Wazee hawataki mabango na picha za vipindi, wanataka jina na tarehe. Ile Kodi ya sebuleni nayo ina setingi ya kuchagua ukurasa unaofunguka ikiwashwa, peleka moja kwa moja kwenye TV.

mtu_wa_gungu

Nimerudi wakuu. BIOS ya Dell ina hiyo Wake on AC, nimejaribu kuchomoa na kuchomeka chaja ikiwa imezimwa, imeamka. Debian imekaa, Tvheadend imekaa kwa kuifuata maelezo, tyuna moja imeonekana bila kuhangaika. TBC1 na ITV ziko masafa tofauti kwa hapa kwangu kwa hiyo nimechomeka ya pili. Jana usiku zimerekodi zote, mzee kaangalia ITV kwanza afu kasema TBC wamechelewa kusema habari ya barabara. Dogo nimemtumia picha ya laptopu kajibu kwa emoji ya kulia.

Kimoja kinanisumbua, hizi tyuna mbili antena moja, nimetumia kigawanyio cha bei rahisi na signo ya moja imeshuka, picha inagandaganda. Ninunue busta kubwa?

fundi_antena_tbr

Usikimbilie busta. Kigawanyio cha njia mbili kinakata signo karibu nusu kwa kila upande, hiyo ni kawaida, lakini kile cha bei rahisi kinakata zaidi. Tafuta kizuri, kaza viunganishi, na angalia waya kama haujaingia maji pale juu, Kigoma mvua zenu sio za mchezo. Busta ikizidi nayo inaziba tyuna, inaonyesha signo imejaa na picha hakuna. Kama busta unayo tayari, kigawanyio kikae baada yake, yani antena, busta, ndo kigawanyio.

Na mlingoti una waya wa ardhini? Huko ziwani radi zinapiga. Kama hauna, wingu likikaribia chomoa waya wa antena kwenye kigawanyio, rekodi ya siku hiyo isamehe.

mtu_wa_gungu

Waya wa ardhini hakuna. Nondo ninazo dukani, jumapili napanda.

dada_wa_katonga

Tumia nondo ya shaba ile ya kupeleka umeme ardhini, na waya mnene unaoshuka wima bila kukunjwakunjwa. Na usipande peke yako.